Nasaba ya Kidingapopo

Katikati ya mwaka 1870 mji wa Zanzibar ulikuwa umechoka kuzika. Kipindupindu kilichoingia mwishoni mwa 1869 kilikuwa kimeondoka na maelfu ya watu, mjini na mashamba, watumwa na waungwana. Kabla wakazi hawajapumua vizuri, homa nyingine ikaushika mji. Hii haikuwa ya kuua. Ilimdaka mtu ghafla: kidole kimoja kinaanza kuuma, mara goti, mara kifundo cha mguu, na kabla jua halijachwa hawezi kusimama wala kufumba mkono. Baada ya siku chache homa ilipoa na mwili ukatoka vipele, lakini maumivu ya viungo yalibaki majuma kadhaa, na kwa wengine miezi. Karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Oktoba mwaka huohuo Seyyid Majid alifariki na ndugu yake Barghash akakalia kiti, na mji ulikuwa bado unauguza. Wenyeji waliyaita maradhi hayo kidinga pepo. Leo twasema kidingapopo.

Tunayajua haya kwa sababu mjini alikuwepo daktari mwenye tabia ya kuuliza. James Christie, Mskochi, alifika Zanzibar mwaka 1865 na akawa tabibu wa Sultani. Hakuishia kuwapima wagonjwa. Aliwaendea watu waliokula chumvi nyingi akawauliza kama wamewahi kuona homa ya namna hii, nao wakamjibu kwamba wameiona. Ilipita wao wakiwa vijana, karibu nusu karne nyuma, yaani kiasi cha mwaka 1823, enzi ambazo Unguja ilikuwa chini ya liwali wa Seyyid Said na Said mwenyewe hajahamishia makao yake hapa. Kati ya nyakati hizo mbili haikuonekana tena kwa sura ile.

Ushahidi huu nauthamini kuliko mwingine wowote katika habari hii nzima. Wanahistoria wa tiba, kila wanapoandika juu ya mlipuko wa 1823, humtaja Christie. Lakini Christie hakuwepo 1823. Waliokuwepo ni wazee wa Unguja ambao majina yao hayakuandikwa, watu waliouguza mama na ndugu zao, wakakumbuka dalili moja moja, na walipoziona tena uzeeni wakazitambua. Tarehe ya kwanza inayoaminika ya maradhi haya katika pwani yetu inasimama juu ya kumbukumbu yao.

Christie alikuwa na ustadi wa kufuata nyayo za maradhi. Kuhusu kipindupindu aliandika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876, ambamo aliufuata mlipuko wa 1869 kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani na kisha Unguja, kwa kukusanya habari za misafara na vyombo vya baharini. Kuhusu kidinga pepo alifanya vivyo hivyo, katika makala ya 1872 na nyingine ndefu zaidi ya 1881. Homa ilikuwa Zanzibar 1870. Mwaka 1871 ilikuwa Aden. Mwaka huohuo ikaingia India, na 1872 ilikuwa imeenea katika miji mikubwa ya Bara Hindi na kuvuka kuelekea mashariki. Mwaka 1873 ilikuwa Mauritius na Réunion. Halafu akatazama nyuma. Baada ya ule mlipuko wa 1823, homa inayofanana nayo kabisa iliibuka katika visiwa vya Karibi mwaka 1827, ikaanzia St. Thomas na kusambaa kisiwa baada ya kisiwa hadi 1828. Christie aliamini kwamba maradhi hayo, na hata jina lake la dengue, yalikwenda huko kutoka pwani yetu, katika njia zilezile zilizopitishwa watumwa.

Dhana hiyo ilikaa vitabuni kwa miongo mingi bila mtu kuweza kuithibitisha wala kuipinga. Dalili peke yake hazitoshi. Homa kumi tofauti humlaza mtu kwa namna moja, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amekiona kinachoisababisha homa ile.

Jibu lilianza kupatikana kusini mwa Tanganyika. Katika mwaka 1952 kuingia 1953, vijiji vya Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, vilishikwa na homa iliyowakunja watu viungo hata wakashindwa kunyooka. Wamakonde waliiita chikungunya, jina linalomtaja mtu aliyejikunja. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akachunguza mazingira. Aliyoyaona Lumsden yanastahili kusomwa polepole. Juu ya uwanda ule hakuna mito. Maji yalitekwa mabondeni kwa mwendo mrefu au yalikingwa wakati wa mvua, kisha yakawekwa nyumbani kwa uangalifu mkubwa, maana hakuna aliyekuwa radhi kumwaga alichokitolea jasho. Humo ndani ya vyombo vya maji ndimo alimotaga mbu Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Familia ilimlea mbu wake mwenyewe bila kujua, hatua chache kutoka kitandani.

R. W. Ross alichukua damu ya wagonjwa wa Newala akaifanyia kazi Entebbe, Uganda, katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa kwa ajili ya homa ya manjano. Alipata kirusi ambacho hakikuwa cha dengue. Jina la dengue lilikuwa limekwisha kutolewa kwa virusi vingine kabisa, vilivyopatikana kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1943. Hivyo kirusi cha Newala kikaingia katika sayansi kwa jina la Kimakonde. Miaka michache baadaye, 1959, ndugu yake wa karibu aliibuka kaskazini mwa Uganda kwa jina la Kiacholi, o'nyong-nyong, akawaumiza watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki.

Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizirudia taarifa za Christie akiwa na habari za Newala mkononi. Akazipitia dalili moja moja: maumivu ya viungo yanayodumu muda mrefu, kasi ya kuenea katika mji mzima kwa wiki chache, vifo vichache mno. Akahitimisha kwamba madaktari wa karne ya 19 walichanganya mambo. Homa ya Zanzibar ya 1823 na ya 1870, ya India ya 1871, na hata ile ambayo daktari David Bylon aliiugua mwenyewe na kuieleza huko Batavia, Jakarta ya leo, mwaka 1779, zote zinafanana na chikungunya kuliko dengue. Naye Scott Halstead, bingwa wa dengue, alikuja kusema hivyo hivyo kuhusu Karibi ya 1827. Kwa hiyo kidingapopo, jina ambalo leo linatumika nchini kote kwa dengue, huenda lilizaliwa Unguja kwa ajili ya maradhi mengine.

Hadi hapo bado tunapima dalili kwa dalili. Vinasaba vimeleta aina nyingine ya ushahidi. Ndani ya kirusi cha chikungunya mna uzi mmoja wa herufi zipatazo 11,800, za aina nne tu, zinazorudiwa kwa mpangilio maalumu. Kirusi kinapozaliana ndani ya mwili wa mtu au wa mbu, uzi huo hunakiliwa mara nyingi mno, na mnakili wake hana desturi ya kurudia kusoma alichoandika. Makosa hutokea. Waliowahi kushughulika na hati za kale za pwani wanalijua jambo hili: mwandishi wa Pate akikosea neno, nakala ya Lamu iliyotokana na ya kwake hubeba kosa lilelile, na ya Unguja iliyotoka Lamu hulibeba hilo pamoja na kosa jipya la Lamu. Ukiziweka hati tatu mezani, makosa yenyewe yatakuambia ipi imezaliwa na ipi. Virusi husomwa hivyo. Na kwa kuwa chikungunya hujikusanyia mabadiliko machache kila mwaka kwa mwendo usiopishana sana, mwenye sampuli za miaka tofauti anaweza kuhesabu kurudi nyuma na kukadiria lini matawi mawili yalitengana.

Sampuli ya Newala ya 1953 ilitunzwa. Ilipitishwa kutoka maabara moja hadi nyingine, na mwaka 2002 mpangilio wake kamili wa herufi ukachapishwa. Tayari mwaka 2000 Ann Powers na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ukoo huu una matawi makuu matatu: la Afrika Magharibi, la Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, na la Asia. Tawi la Asia limechipuka kutoka lile la kwetu. Uchunguzi wa 2010, uliolinganisha mipangilio kamili ya virusi vingi, ulikadiria kwamba babu wa matawi yote yanayojulikana aliishi ndani ya miaka 500 iliyopita, barani Afrika. Huku kirusi huishi misituni kati ya nyani, kima na mbu wa miti, na mara kwa mara hutoka na kuingia vijijini.

Tazama sasa jinsi hesabu hiyo inavyoigusa Zanzibar. Mlipuko uliowashika watu karibu wote, kisha ukatoweka kwa nusu karne, ni alama ya kirusi kisichokaa. Aliyeugua chikungunya hupata kinga ya muda mrefu sana. Kisiwa kidogo kikishaugua chote, kirusi hukosa wa kumwingia, kinakufa, na hakirudi mpaka kizaliwe kizazi kisichokijua na chombo kingine kikilete kutoka bara. Zanzibar ilikuwa kituo. Chimbuko liko bara, na kilichoufanya mji huu uonekane kama chimbuko katika vitabu vya Ulaya ni kwamba hapa ndipo palipokuwa na bandari na daktari mwenye kalamu.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi. Hesabu za vinasaba zinaweka kuzaliwa kwa tawi la Asia kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na katikati ya karne ya 20. Safari aliyoifuata Christie, ya 1870 hadi 1872, inatangulia muda huo. Inawezekana makadirio yamepishana kwa miaka michache, maana yana mapana yake. Mimi naona yaelekea zaidi kwamba kirusi cha Christie kilifika India, kikawalaza watu Bombay na Calcutta, kikaishiwa na wagonjwa na kufa bila kuacha uzao, na kwamba kilichozaa tawi la Asia ni kirusi kilicholetwa baadaye na chombo kingine ambacho hakuna aliyekiandika. Mti wa nasaba huonyesha waliozaa tu. Waliokufa tasa hawamo, hata kama walitikisa bahari nzima. Ndiyo maana wazee wa Unguja na herufi za maabara tunavihitaji vyote viwili. Kila kimoja kinajua kisichojulikana na mwenzake.

Swali ambalo limewasumbua wengi ni jinsi kirusi kilivyoweza kuvuka kwa tanga. Mgonjwa hubeba kirusi cha kuambukiza katika damu yake kwa takriban wiki moja. Jahazi linaloondoka Unguja na upepo wa kusi huchukua wiki kadhaa kufika Aden au Maskati. Baharia mmoja mgonjwa angepona kabla ya kuona nchi kavu. Lakini jahazi lilibeba maji ya kunywa, na maji yale yalibeba viluwiluwi. Mbu akimuuma mgonjwa, baada ya siku chache anaweza kumwambukiza mwingine. Naye wa pili akiumwa na mbu wa pili, mnyororo unaendelea hadi bandarini. Watumwa waliorundikwa chini ya sitaha, wengi wao vijana wa bara, walikuwa hawana pa kukimbilia. Biashara ile iliyowaangamiza watu wetu ilikisafirisha na kirusi ndani ya damu yao.

Mbu mwenyewe naye ana nasaba yake iliyosomwa. Aedes aegypti asili yake ni Afrika. Wa msituni hutaga katika mashimo ya miti na hupenda damu ya wanyama, na wa majumbani hupenda mtu. Rabai, nyuma ya Mombasa, ni mahali mashuhuri duniani kwa wanasayansi wa mbu, kwa sababu huko wote wawili wameishi jirani, mmoja ndani ya nyumba na mwenzake porini, na mwaka 2014 uchunguzi wa mbu wa huko ulibainisha jeni inayomsaidia wa nyumbani kuinusa harufu ya binadamu.

Kisha ikaja 2004, na safari ya karne ya 19 ikarudiwa mbele ya macho ya maabara. Pwani ya Kenya ilikuwa na ukame. Huko Lamu, mji wa mawe kama wetu, watu walihifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila kubadilisha. Kufikia katikati ya mwaka homa ya viungo ilikuwa imeushika mji, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kiasi cha asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Mwishoni mwa mwaka ilikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ikawa Ngazija, kisha Mayotte na Réunion, ambako karibu watu 266,000, theluthi moja ya kisiwa, waliugua. Mwishoni mwa 2005 ilikuwa India, na mwaka uliofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa nayo walipita milioni moja. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India aliipeleka katika kijiji kimoja cha Italia.

Linganisha na orodha ya Christie: pwani yetu, India, visiwa. Tofauti ni kwamba safari hii damu ilichukuliwa kila kituo. India ilikuwa na chikungunya ya tawi la Asia tangu 1963 huko Calcutta, na haikuwa imeripotiwa tena tangu miaka ya 1970. Ile ya 2005 ilipopimwa ikaonekana ni tawi jipya kabisa, lililochipuka Afrika Mashariki. Bila vinasaba daktari yeyote wa India angesema maradhi ya zamani yamefufuka, kumbe ni mgeni.

Na mgeni huyo alibadilika njiani. Virusi vya Lamu na Ngazija vilikuwa na herufi fulani mahali fulani katika uzi wao. Huko Réunion, katika kipindi cha miezi, herufi hiyo moja ilibadilika, na badiliko hilo likatawala karibu sampuli zote. Matokeo yake ni kwamba kiungo namba 226 cha protini ya ganda la kirusi kiligeuka, na kirusi kikapata wepesi wa kuishi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyejaa Réunion na ambaye huvumilia baridi kuliko ndugu yake. Ndiye aliyeiwezesha homa ya Lamu kuenea Italia.

Desemba 2013 chikungunya ilirudi Karibi, katika kisiwa cha St. Martin, safari hii kwa tawi la Asia. Mwaka 2014 ikaingia Brazili kwa milango miwili: kaskazini kwa tawi hilo la Asia, na Bahia, mjini Feira de Santana, kwa tawi la Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, lililokwenda na msafiri kutoka Angola. Angola hadi Bahia ilikuwa miongoni mwa njia kuu za watumwa za Atlantiki. Christie alitoa dhana yake kuhusu Karibi bila chembe ya ushahidi wa maabara. Vinasaba vya 2014 haviwezi kuithibitisha ya 1827, lakini vimeonyesha kwamba kuvuka kwa namna hiyo si ndoto.

Katika mti huu wote mkubwa, Unguja ya 1823 na ya 1870 haina hata tone la damu. Mwaka 2020 wanasayansi walikisoma kirusi cha surua kutoka kipande cha pafu kilichohifadhiwa Berlin tangu 1912; kwetu hakuna kilichohifadhiwa. Hilo halirekebishiki. Kinachoniuma ni kwamba hata habari zetu za karibuni tumezisoma kwa jicho la wengine. Mwanzoni mwa 2010 dengue ya aina ya 3 ilitambuliwa katika wasafiri wa Ulaya waliorudi makwao kutoka Komoro na Zanzibar. Watalii walitujulisha, kwa damu iliyopimwa Ulaya, nini kilikuwa kikizunguka katika vichochoro vyetu. Je, wauza samaki wa Malindi na watoto wa Ng'ambo walioshikwa na homa miezi hiyo waliambiwa nini? Wengi bila shaka waliambiwa ni malaria.

Zamani jibu hilo lilikuwa na haki yake. Sasa halina. Kwa vyandarua, upigaji dawa na tiba, maambukizi ya malaria Zanzibar yameshuka chini ya asilimia moja ya watu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Homa nyingi zinazoingia vituo vya afya vya Unguja zina sababu nyingine, na mbu wa madoa meupe yuko tele: katika matangi ya maji ya mgao, madumu, ndoo, matairi na vifuu vya nazi nyuma ya nyumba. Barghash alituletea maji ya bomba mjini; mgao umeturudisha kwenye mitungi.

Vifaa vya kusoma vinasaba siku hizi vinakaa juu ya meza ndogo. Pemba, huko Wawi, Chake Chake, ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Naiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar ifanye iwe kawaida, na si mpaka mlipuko utokee, kwamba sampuli za homa zisizo za malaria kutoka Unguja na Pemba zinatunzwa na kusomwa hapahapa visiwani. Na wewe daktari au tabibu wa kituo cha shehia: akija mgonjwa mwenye homa na viungo vinavyouma, kipimo cha malaria kikisema hana, usimpe panadoli ukamwacha aende. Chukua damu, andika tarehe na shehia yake, na uipeleke maabara.